Afisi Kubwa za Mawakili wa Biashara: Kazi Yao na Sisi
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Machakos)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja aliuliza hivi: hizi afisi kubwa za mawakili za Nairobi, ambazo majina yake hutajwa magazetini kila kampuni inapouzwa, zafanya kazi gani hasa, na sisi watu wa spana na koleo zatuhusu nini? Halmashauri ikaniagiza nitafute jibu. Mimi si wakili. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, na haya nimeyapata kwa kusoma sheria zenyewe polepole na kuuliza wanaojua. Jibu langu ni kwamba zatuhusu sana, maana karatasi inayoamua kama utakuwa na kazi mwaka ujao mara nyingi huandikwa huko, nawe hujui kama inaandikwa.

Wakili tunayemjua sisi ni yule wa hapa mjini, karibu na mahakama. Twamwendea kwa shamba la urithi, kwa ajali ya barabarani, au kijana akikamatwa. Yeye hufanya kila kazi, kama fundi wa kituo kidogo ambaye ndiye huyo huyo wa taa na wa mlango. Afisi kubwa haiko hivyo. Hiyo ni kama karakana ya reli: huyu ni wa magurudumu tu, yule ni wa breki tu. Wako wa kuuza na kununua makampuni, wako wa mikopo ya mabenki, wako wa umeme na mabarabara na bandari, wako wa ardhi na majengo, wako wa kodi, wako wa kesi kubwa na usuluhishi. Tena wako wa mambo ya kazi, na hao tuwaangalie vizuri, kwa sababu kwa kawaida anayewalipa ni tajiri.

Nyingine ni za zamani. Hamilton Harrison & Mathews ilianza mwaka 1902, yaani miaka 3 tu baada ya reli kufika Nairobi. Mwajua kuwa Machakos ilikuwa kituo cha serikali kabla ya Nairobi, reli ikapita mbali nasi, na watawala wakaifuata. Kumbe na mawakili nao walifuata njia hiyo hiyo, maana penye mizigo pana mikataba. Siku hizi afisi hiyo imeungana na Dentons, ambayo ina mawakili duniani kote. Bowmans ya Afrika Kusini nayo ina afisi Nairobi. Anjarwalla & Khanna imo katika umoja uitwao ALN, ambao una mawakili katika nchi nyingi za Afrika. Sababu yake si fahari tu. Tajiri wa leo hununua kiwanda Kenya, ghala Uganda na malori Tanzania kwa mkataba mmoja, naye hataki kuzungumza na mawakili watatu wasiojuana.

Sasa nieleze jinsi kampuni inavyouzwa, kwa sababu hapa ndipo penye nyama. Mnunuzi hatoi fedha kabla mawakili wake hawajaifungua kampuni na kuitazama ndani, kama sisi tunavyokagua behewa kabla ya safari. Huomba hati za ardhi, mikopo, kodi na kesi zilizo mahakamani. Kisha huomba mkataba wa pamoja na chama, orodha ya wafanyi kazi na miaka yao ya utumishi, likizo ambazo hazijalipwa, na fedha za pensheni ambazo tajiri alikata wala hakuzipeleka. Haya yote huandikwa katika taarifa, na huko sisi tumo kama deni. Deni hilo hupunguza bei. Kwa hiyo pande zote mbili hujua kwa shilingi na senti kile tunachodai, wakati ambapo katibu wetu bado anaandika barua kuuliza kama ni kweli kampuni inauzwa.

Tena ziko njia mbili za kuuza, na tofauti yake ni kubwa kwetu. Njia ya kwanza ni kuuza hisa. Hapo mwenye kampuni hubadilika lakini kampuni ni ile ile, na mkataba wako wa kazi unaendelea. Mwaka 2024 Amsons ya Tanzania iliinunua Bamburi, ambayo ina kiwanda cha kusaga simiti hapa kwetu Athi River, kwa shilingi 65 kila hisa. Mfanyi kazi aliyelala akiwa wa Bamburi aliamka akiwa wa Bamburi.

Njia ya pili ni kuuza au kukodisha biashara yenyewe, mashine na shughuli zake, bila ya kampuni. Huko Uingereza iko sheria tangu mwaka 1981 inayosema wafanyi kazi huhama pamoja na biashara, na haki zao za mkataba. Kenya hatuna sheria ya namna hiyo. Desturi ni kwamba tajiri wa zamani huwapunguza watu na kuwalipa, na tajiri mpya huwachukua awatakao, nao huanza upya kama watoto wa jana. Sisi wa reli hatuhitaji kuhadithiwa. Mwezi wa Novemba 2006 uendeshaji wa reli ya Kenya na Uganda ulitiwa mikononi mwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Wengi wa Shirika walikwenda nyumbani. Mkataba wenyewe haukufika hata nusu ya miaka hiyo, maana kwa upande wa Kenya ulivunjwa mwaka 2017.

Ndugu aliuliza pia jinsi ijulikanavyo ni afisi gani iliyo bora. Viko vitabu vya kila mwaka, kama vya Chambers and Partners na Legal 500 vya London. Wachunguzi wao hupokea taarifa kutoka kwa afisi, huwauliza wateja na mawakili wengine, kisha hupanga kwa madaraja, na afisi iliyo daraja la kwanza hulitangaza jambo hilo kila mahali. Mimi sisemi ni uwongo. Hao watu ni hodari kweli, hukesha usiku kucha mpaka mkataba utiwe sahihi. Lakini anayeulizwa kama kazi ilikuwa njema ni mteja, na mteja ni benki au kampuni. Hakuna aliyekuja Athi River kumwuliza mpiga chuma. Daraja la kwanza lasema safari ilikuwa nzuri kwa aliyekata tikiti.

Basi tufanye nini sisi ambao hatuwezi kulipa ada ya watu hao? Kwanza, tusiogope mahakama. Sheria ya Mahakama ya Ajira inaruhusu ofisa wa chama kumsimamia mwanachama mbele ya jaji, bila wakili. Lakini dai la mkataba wa kazi lisipite miaka 3, maana likipita limekufa.

Pili, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Tajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imepungua au mambo yamebadilika, ni lazima akiandikie chama na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na idadi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Siku 15 ndicho kiasi cha chini. Mkataba wa pamoja waweza kutoa zaidi, na hapo ndipo pa kupigania kabla ya kuuzwa.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Kampuni kubwa zikiungana au kununuana, ni lazima zipate ruhusa ya Halmashauri ya Mashindano iliyowekwa na sheria ya mwaka 2010, na zikivuka mipaka, kuna ile ya COMESA huko Lilongwe. Halmashauri yetu ya Kenya hutakiwa kutazama pia kazi za watu, na mara kadhaa imetoa ruhusa kwa sharti kwamba wafanyi kazi wasiachishwe kwa muda fulani. Mawakili wa daraja la kwanza hupeleka maombi hayo wakiwa na vitabu vizito. Chama chaweza kupeleka barua ya kurasa mbili, iliyo na majina ya idara, idadi ya watu na madeni ya pensheni. Lakini barua ifike kabla ruhusa haijatolewa.

Kwa hiyo naomba kila mwakilishi wa kazini aanze orodha hiyo wiki hii: majina, mwaka wa kuajiriwa, siku za likizo zinazodaiwa, na kama fedha za pensheni zimefika. Karani wa tawi anazo karatasi zilizopigwa mistari. Za Athi River na Konza zirudi kwake kabla ya mwisho wa mwezi.