Kabla Hatujanunua Kiti cha Meno

(Maneno ya mwanachama wetu, tabibu wa meno mstaafu, kwenye chakula cha hisani cha chama, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika kumi na tano. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana amekaa karibu na kipaza sauti.

Kilichonisimamisha ni ile ajenda ya kununua kiti cha meno kwa ajili ya kituo chetu cha afya. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono kuikubali. Leo naomba tuibadilishe, na nimeona ni haki nilisemee hapa mbele yenu, siyo pembeni kwenye foleni ya pilau.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Siku moja aliletwa binti wa miaka kumi na mmoja, ametoka milimani na bibi yake, wameteremka alfajiri juu ya gari la kabichi. Gego lake la chini lilikuwa na tundu. Mtoto alikuwa akisikia ganzi ya baridi akinywa maji, lakini usiku alikuwa analala. Maana yake ni kwamba uozo ulikuwa haujafika kwenye mshipa wa jino. Kiti cha meno tulikuwa nacho, kizuri, cha msaada. Ila mashine ya kusukuma hewa ilikuwa imekufa miezi mingi, na bila hewa mashine ya kuchonga haizunguki. Fundi alikuwa Dar es Salaam. Spea ilikuwa Ulaya.

Nikaling'oa. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikaling'oa, bibi akanishukuru sana na kunipa maparachichi mawili.

Jino lile ni lile gego la kudumu linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha njia. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, kwa hiyo likioza husema litaota jingine. Haliotagi. Lilikuwa na kazi ya miaka hamsini au sitini mbele yake. Na kilichoniuma baadaye ni kujua kwamba jino lile ningeweza kuliziba siku ile ile, kwa mkono, bila umeme hata kidogo. Njia yenyewe ilikuwa imeanzia hapa hapa Tanzania, na mimi Mtanzania sikuwa nimefundishwa.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi mmoja, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi ya meno Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijijini hakukuwa na umeme wala mashine, kama tunavyojua. Wakajaribu kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha kuziba kwa saruji ya meno. Mambo yakaenda vizuri kuliko walivyotarajia. Majaribio makubwa yakafuata Thailand na Zimbabwe, saruji ikabadilishwa ikawa ile iitwayo glasi ayonoma, ambayo inashika jino yenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Leo inatumika hata katika nchi tajiri, kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine.

Vifaa vyake vinaingia kwenye begi la mgongoni: kioo kidogo, patasi ndogo, kijiko cha kukwangua, unga na maji ya saruji, pamba, glavu, na sufuria ya mvuke ya kuchemshia vyombo. Mtoto analala juu ya dawati mawili yaliyounganishwa. Mara nyingi hata sindano haihitajiki, kwa sababu sehemu iliyokufa ya jino haina maumivu.

Sitaki kuwauzia kitu kama mganga wa mnadani. Tundu lililo juu ya jino tu, upande mmoja, kijazo chake hudumu miaka kadhaa katika meno mengi sana. Tundu lililo katikati ya meno mawili, linalokula pande mbili, kijazo chake huvunjika mapema zaidi. Na jino ambalo uozo umefika kwenye mshipa, linalomfanya mtu atembee usiku ameshika shavu, hilo haliponi kwa njia hii. Wala haliponi kwa amoksilini za duka la dawa. Zile zinapunguza uvimbe wiki moja, mgonjwa anadhani amepona, kumbe chanzo kimebaki ndani.

Sasa niseme jambo lililobadilika kabisa tangu niliposomea kazi hii. Sisi tulifundishwa kwamba uozo ni tundu, na dawa ya tundu ni kuchonga mpaka uozo wote uishe, kisha kuziba. Leo tunajua uozo ni mwendo, na mwendo unaweza kusimamishwa. Hakuna mdudu anayetafuna jino, na yule anayepita vijijini akitoa "mdudu" kwa mvuke wa mitishamba anawachezea kiini macho. Walioko ni bakteria wadogo wasioonekana, wanaoishi kwenye ule utando unaoteleza juu ya meno ukiamka asubuhi. Ukila sukari nao wanaila, wanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha madini ya jino. Ukipumzika kula, mate yanarudisha madini yale. Kutwa nzima ni kubomoa na kujenga. Dalili ya kwanza ni doa jeupe kama chokaa karibu na fizi, na doa hilo likiwahiwa linarudi kuwa jino zima, bila patasi.

Ndiyo maana kiasi cha sukari ni neno la kwanza, na mara ngapi kwa siku ni neno la pili. Chai yenye sukari mara moja pamoja na chakula, mate yanaimudu. Mtoto aliyeanza na chai, akanunua pipi getini saa mbili, ubuyu wa rangi saa nne, barafu saa sita na juisi ya paketi akirudi nyumbani, mate yake hayapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina vijiko vya chai kama tisa vya sukari. Nasema haya huku nikiona meza zenu zimejaa soda, na mimi mwenyewe nimekunywa moja.

Upande wa kujenga, mkubwa wao ni floridi iliyo kwenye dawa ya meno. Mswaki wa mti husafisha vizuri ukijua kuutumia, bibi zetu hawakukosea, lakini hauna floridi. Mkaa na majivu navyo havina, tena vinakwangua. Dawa ya meno iwe na floridi ya kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye boksi; someni. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu mpaka sita punje ya njegere. Apigishwe mswaki na mkubwa mpaka afike miaka saba hivi, mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji, maana akisukutua anaimwaga dawa aliyoinunua.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu meno ya kahawia ya ndugu zetu wa upande wa Meru. Ile ni floridi nyingi mno kwenye maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanaumbika ndani ya taya. Kiwango cha juu kinachoshauriwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kule kuna vyanzo vinavyopita hapo mara nyingi. Punje ya njegere inayotemwa siyo sawa na kikombe cha maji kinachomezwa kila siku. Hata hivyo ningependa maji ya kila shule tutakayoingia yapimwe kwanza. Ni gharama ndogo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu vitu vitatu vya meno: dawa ya meno yenye floridi, saruji ya glasi ayonoma, na maji ya madini ya fedha na floridi. Haya maji ya fedha ndiyo yaliyonifanya nirudi kwenye vitabu uzeeni. Wajapani wameyatumia tangu miaka ya 1970. Unakausha jino, unagusa tundu kwa kitone kimoja, dakika imekwisha. Ukirudia mara mbili kwa mwaka, katika meno ya utoto yaliyooza takriban 8 kati ya 10 uozo wake husimama na kuwa mgumu. Kasoro yake ni moja na ni ya kudumu: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi tii. Kwa gego la nyuma si neno. Kwa jino la mbele la binti, lazima mzazi aonyeshwe picha kwanza, akubali mwenyewe. Huko New York shuleni wameyatumia, na wauguzi wa kawaida waliofundishwa walifanya kazi hiyo sawa na wataalamu wa meno. Wauguzi tunao. Madaktari wa meno wa kupeleka kila kata hatuna.

Na kwa wanaosema kupiga mswaki shuleni ni mambo ya watoto: Scotland walianza kupigisha watoto mswaki kila siku kwenye shule zao za awali, chini ya macho ya walimu. Maji yao ya bomba hawayatii floridi. Mwaka 2003 watoto wasio na uozo wanapoingia darasa la kwanza walikuwa chini ya nusu. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya 7 kati ya 10. Haikuwa kazi ya mswaki peke yake, walifanya na mengine, lakini mswaki ndio ulikuwa msingi.

Akina mama vijana, neno moja nje ya ajenda. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, msikubali mtu amkate fizi kumtoa "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Kile cheupe anachokionyesha ni kichwa cha chonge ambalo halijakomaa. Nimeona watoto walioletwa wakiwa na damu haisimami, na nimeona wakubwa waliokosa chonge maisha yao yote. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na apelekwe zahanati.

Ombi langu ni hili. Fedha ya kiti igawanywe sehemu mbili. Ya kwanza inunue miswaki na dawa ya meno kwa shule tatu za msingi tulizozitaja, kwa miaka miwili kamili, pamoja na ndoo za bomba za kunawia na mafunzo ya mwalimu mmoja mmoja kila shule. Ya pili inunue mabegi mawili ya vifaa vya mkono, saruji, maji ya fedha, na nauli ya wauguzi kupita shuleni kila muhula. Yote yapitie kwa mganga mkuu wa wilaya, tusifanye kazi kama wezi. Mweka hazina ameweka hesabu ukurasa wa mwisho wa kabrasha, na bei amezichukua kwa wauzaji watatu.

Najua kiti kinapendeza. Kinapigwa picha, kinakatiwa utepe, kinawekwa kibao chenye jina la chama. Punje ya njegere ya dawa ya meno haikatiwi utepe. Wale wanaotaka kiti wana hoja pia, kwamba meno yaliyofika kwenye mshipa yatahitaji mahali pa kutibiwa, na siku kituo kikipata umeme wa uhakika na fundi wa karibu nitanyoosha mkono tena, wa kwanza.

Fomu za ahadi ziko mezani, za kijani. Mimi na mke wangu tumejaza yetu: begi moja la vifaa. Tunaomba lianzie kijiji alichotoka yule bibi wa maparachichi.