Maji ya radiatere



Tunaombea safari, na ni vema. Lakini Land Cruiser ya zamani inayotoka Kisangani kwenda Bafwasende inataka pia mtu wa kufungua kapo asubuhi, motere ikiwa baridi, atazame maji. Maombi hayazibi tundu la mpira. Na maji yakipungua kila siku, usiongeze tu; tafuta yanakovujia.

Matope ya barabara ya taifa namba 4 ni adui mkubwa. Yanashika katikati ya mapezi ya radiatere, yanakauka, na upepo haupiti tena hata feni ikizunguka. Osha kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa motere kwenda mbele. Usichokoe kwa waya.

Wengine wanatoa termosta na kuitupa. Mimi sikubali: motere ya mazutu isiyopata joto lake inakula mafuta na kuchakaa upesi.

Kifuniko nacho kinabana maji, hata yapite digrii 100 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, gari linachemka njiani, nasi tunamlaumu shetani!

Likichemka, zima, usifungue. Mvuke unaunguza uso. Wala usimwage maji baridi ndani, kichwa cha motere kinaweza kupasuka. Hata kama nyuma amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa, ngoja motere ipoe. Iliyopasuka haitamfikisha hospitalini. Ndiyo maana bidoni ya maji safi ipakiwe kabla ya mizigo. Ya mvua ni bora kuliko ya mto. Ya mto yachujwe kwa kitambaa.