Chumba cha Kimya

Ndugu msikilizaji, umesema mara ngapi kwamba huna nafasi ya kuomba? Shamba, watoto, basi la asubuhi. Hebu leo tumtazame Dag Hammarskjöld wa Sweden, aliyechaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1953.

Kazi yake ilikuwa ni mikutano na mabishano ya wakubwa. Lakini katika jumba lile lile la New York alitengeneza chumba kidogo cha kukaa kimya, kikafunguliwa mwaka 1957. Katikati aliweka jiwe la madini ya chuma kutoka kwao Sweden, lenye uzito wa tani 6 na nusu, likimulikwa na mwali mmoja wa taa. Hakuweka msalaba, kwa kuwa watu wa kila dini wangeingia humo. Labda jambo hilo lingetukwaza baadhi yetu. Yeye mwenyewe alilelewa katika Kanisa la Kilutheri.

Mwaka 1960, wakati wa machafuko ya Kongo, Khrushchev wa Urusi alimtaka ajiuzulu. Akakataa. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961 alikuwa angani kuelekea Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, akitafuta kusimamisha mapigano ya Katanga. Ndege ikaanguka, naye akafa.

Ndipo nyumbani kwake yakaonekana maandishi, pamoja na barua kwa rafiki yake. Humo alieleza kuwa hayo ni mashauriano yake na nafsi yake, na Mungu. Alikuwa ameyaandika kwa miaka mingi. Wengi waliomfahamu walishangaa.