Maktaba ya Kijiji na Kamati Yake: Nani Ashauri, Nani Ajibu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Gendabi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya maktaba ndogo ya umma: jinsi ya kuiendesha, na hasa juu ya kamati ya wananchi ya kuishauri. Huenda wengine wakaona ajabu kwamba tume ya haki na amani inajishughulisha na rafu za vitabu. Sisi hatuoni ajabu, na sababu yetu inatoka katika wilaya hii hii ya Hanang.

Katika miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO lilipanua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu, kwa msaada wa Kanada, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia ng'ombe zao. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji kadhaa walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Mojawapo ya hoja zilizowaangusha ni hii: kijiji hakimiliki ardhi kwa sababu tu kinaitawala, kilipaswa kuonyesha kwamba mamlaka ya wilaya ilikigawia ardhi hiyo. Hatusemi kwamba maktaba ingewashindia kesi. Twasema kwamba ni jambo zito mtu kupata habari ya sheria inayomhusu kwa mara ya kwanza ndani ya hukumu inayomnyima haki yake. Leo tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Je, ni wangapi kati yetu waliopata kuishika sheria hiyo mkononi na kuisoma? Maktaba ni mahali ambapo mchungaji na mtendaji wa kijiji husoma ukurasa ule ule.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Sheria ya kuunda huduma ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963; Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, mwezi Desemba 1967; na Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo sasa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Wakati wa kampeni ya kufuta ujinga palianzishwa pia maktaba za vijijini, kuanzia kanda ya Mwanza, ili mtu mzima aliyejifunza kusoma asije akasahau. Wazee wetu mnakumbuka vitabu vile vya kilimo bora na vya afya, na taa za kandili darasani usiku. Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 9.6 tu. Lakini nyingi za maktaba zile zilikufa. Fedha zilipopungua, magazeti yalikoma kufika, vitabu vilivyochakaa havikupata badala, na mtunza maktaba akarudi shambani. Tukitazama kwa makini, twaona pia sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi. Vitabu vilichaguliwa mbali na vikaletwa. Kijiji kilitoa chumba na shukrani. Mafungu yalipokauka huko juu, kijijini hapakuwa na mtu aliyezoea kuamua lolote juu ya maktaba ile.

Hapa ndipo kamati ya ushauri inapopata maana yake, au inapoikosa. Kamati tumezizoea mno. Twajua jinsi zinavyoundwa siku ya mgeni, zikapigwa picha, zisikae tena. Kamati ambayo ushauri wake haulazimu mtu yeyote kujibu ni pambo tu. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni dogo na gumu: kila ushauri wa kamati uandikwe katika muhtasari wa kikao, na anayeiendesha maktaba aujibu kwa maandishi kabla ya kikao kinachofuata. Anaweza kukataa. Mkutubi huenda anajua kwamba fedha hazitoshi, au kwamba kitabu kinachoombwa hakipatikani. Lakini akikataa, aseme kwa nini, na sababu hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji pamoja na hesabu za mapato na matumizi. Mkutano mkuu hukutana kila miezi mitatu. Dakika kumi za maktaba si nyingi.

Watu saba au tisa wanatosha. Wasiwe wote ni walimu. Mwalimu ataagiza vitabu vya kiada, na hatumlaumu, lakini mama anayeuguza mtoto ana haja nyingine, na kijana wa Kidatoga anayeshinda machungani hawezi kuja saa nne asubuhi. Saa za kufungua ni jambo la haki kuliko tunavyodhani. Maktaba inayofunguliwa saa za ofisi tu imekwisha kuwachagua wasomaji wake. Kamati yenye mfugaji na mama wa sokoni itasema ifunguliwe jioni, au siku ya mnada, na itasema pia kwamba wazee wengine hupenda kusomewa kwa sauti, maelezo yakitolewa kwa Kiiraqw au Kidatoga. Kazi ya kila siku, yaani daftari la vitabu, kadi za kuazima, mhuri na vita dhidi ya mchwa, ni ya mkutubi, na kamati isimwingilie. Tumekwisha kuona mahali ambapo wajumbe walijiazimia vitabu bila kuandika, na hakuna aliyethubutu kuwadai.

Sasa jambo linalotugusa sisi wenyewe. Mara nyingi chumba cha kwanza cha maktaba ni cha parokia. Ni vema kukitoa, tena bila kodi. Lakini chumba kikitolewa kwa maktaba ya umma, hakibaki tena chumba cha Wakatoliki. Mlutheri, Mwislamu na mzee anayefuata mila za baba zake wawe na viti katika kamati, wala si kwa heshima ya bure. Ufunguo usikae nyumba ya padre peke yake, na orodha ya vitabu isipitiwe na katekista kwanza. Twajua kwamba maneno haya hayatawapendeza wote. Mtu akiona kwamba lazima apite mlango wa kanisa ili asome sheria ya ardhi, hatakuja.

Neno la mwisho ni la mahali penyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka juu ya Katesh na juu ya Gendabi hii, yakaua watu zaidi ya themanini. Nyumba ziliondoka na vyeti, kadi za kliniki, hati na daftari zilizokuwamo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jengo, kamati itembee kwa miguu pamoja na wazee wanaojua njia za maji. Na nakala ya pili ya daftari la vitabu, pamoja na ya mihtasari, itunzwe nje ya kijiji, kwa mfano katika ofisi ya wilaya kule Katesh, na ibadilishwe kila baada ya mkutano mkuu.

Twaomba kila jumuiya ijadili majina mawili, la mwanamke na la mwanamume, na iyapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, si kwetu. Atakayeyapigia kura ni mkutano mkuu.