Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Maneno ya walimu wa kwaya kwa waimbaji wa kiume, yaliyotolewa wakati wa mazoezi ya jubilei na kuchapishwa hapa kwa ombi la wanakwaya





Siku ya jubilei, ndani ya Misa, tutaimba nyimbo za liturujia kama ilivyo desturi yetu. Baada ya chakula tutakuwa na tamasha ukumbini, na huko tumeruhusiwa kuimba nyimbo za tamthilia za muziki, zile zinazosimulia habari za Biblia au zinazotia watu matumaini. Vijana wameleta orodha ndefu, na kila mmoja anauliza wimbo upi ni mzuri kuliko mwingine. Sisi tunaomba swali ligeuzwe. Wimbo upi unamfaa nani?

Jambo hili si dogo. Tunajua jinsi mwanamume anavyoacha kwaya. Haagi mtu. Anapewa wimbo ulio juu kuliko koo lake, anajikaza, sauti inakatika mbele ya watu, na mwenzake anacheka. Jumapili inayofuata ana kazi. Nyingine ana matanga. Baada ya miezi miwili anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, nasi tunasema hana moyo wa kujitolea. Wengi wao moyo walikuwa nao, ila hakuna aliyewatafutia ki ya kuwafaa.

Kwanza, tujue sauti zetu. Vitabu vya kwaya humpa mwanamume viti viwili tu, tenori na besi. Tafuteni C ya kati kwenye kinanda. Tenori wa kwaya huanza oktava moja chini ya hiyo C, na hupanda hadi G au A iliyo juu yake. Besi hushuka hadi F au E ya chini kabisa, na juu huishia karibu na C ya kati yenyewe au D. Lakini wanaume wengi si hawa wala wale. Ni baritoni, watu wa katikati. Ukimweka kwenye tenori anakaza shingo, ukimweka kwenye besi noti za chini anazinong'ona.

Tamthilia za muziki zimemkumbuka mtu huyu wa katikati. "The Impossible Dream", wimbo wa Man of La Mancha ya mwaka 1965, ni wa baritoni. Askari Javert katika Les Misérables naye huimba "Stars" kwa sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo ndugu ambaye Jumapili hajui akae upande gani, huenda ukumbini ndiye atakayetufurahisha zaidi.

Kila mmoja atapimwa. Utaimba "a" ukishuka noti moja moja mpaka ile ya mwisho inayosikika vizuri, kisha utapanda mpaka ile ya mwisho unayoifikia bila kuinua kidevu. Halafu tutapunguza noti moja juu na moja chini, kwa sababu siku ya tamasha kuna woga. Iliyobaki ndiyo nyumba yako. Tutapima mara mbili, jioni na asubuhi, maana kila aliyeimba Misa ya kwanza anajua kwamba sauti ya mwanamume asubuhi huwa nzito. Tutakumbuka pia kazi za watu. Kati yetu yuko anayeita abiria steji tangu alfajiri, yuko wa mjengo anayevuta vumbi la simiti, yuko anayelinda lango usiku kucha. Koo lililochoka lisipewe wimbo unaohitaji koo lililolala saa nane.

Pili, tusitazame noti ya juu peke yake. Tutazame wimbo unaishi wapi. Sisi wa Ruiru tunajua maana ya kukaa ghorofa ya tano bila lifti. Kupanda mara moja kumsalimia mgonjwa, yeyote ataweza. Kupandisha mitungi ya maji kila siku ni kazi nyingine kabisa. Kuna nyimbo zinazogusa noti ya juu mara moja na kushuka, na kuna zinazokaa huko juu tangu ubeti wa kwanza. Hizo za pili ndizo zinazowamaliza watu, hata kama noti yao ya juu kabisa si ya kutisha.

Chukueni "Bring Him Home", sala ya Jean Valjean katika Les Misérables, tamthilia ambayo toleo lake la Kiingereza lilianza London mwaka 1985. Wengi wameiomba. Ugumu wake hauko katika nguvu, kwa kuwa wimbo unapanda juu huku ukitaka uimbwe kwa upole, kama mtu anayeomba karibu na aliyelala. Ni wa tenori aliyezoea kuipunguza sauti akiwa juu. Mwenye nguvu tu ataugeuza kuwa kelele. Zile nyimbo za Yesu na Yuda katika Jesus Christ Superstar, iliyotoka kama albamu mwaka 1970, zinataka tenori wa juu sana tena wa mtindo wa roki. Humu hatujamsikia bado. Akijitokeza tutampima.

Tatu, ki ichaguliwe kwa kuanzia mwisho wa wimbo. Mashabiki wa Liverpool hapa wanaijua "You'll Never Walk Alone". Ilitoka katika tamthilia ya Carousel mwaka 1945, na aliyeiimba jukwaani alikuwa mwanamke. Mwaka 1963 kundi la vijana wa kiume wa Liverpool, Gerry and the Pacemakers, likairekodi, na sasa wanaume uwanja mzima huiimba. Basi hakuna wimbo uliozaliwa na ki moja ya milele. Lakini wimbo huu huanza chini na kuzidi kupanda hadi mwisho. Ukichagua ki inayokustarehesha mwanzoni, utakwama kileleni. Anzeni na noti ya juu, hakikisheni mnaifikia, ndipo mrudi mwanzo.

Kinanda chetu kina kitufe cha kushusha na kupandisha ki. Kukitumia si aibu. Ila mpiga kinanda akumbuke kwamba mwimbaji akishushiwa, kwaya inayomwitikia nayo inashuka. Alto aliyekuwa chini tayari atapotea, na besi ataishiwa na sakafu. Tukishusha kwa ajili ya mmoja, tunawapima wote upya.

Nyinyi wa besi msidhani mmesahaulika. "Ol' Man River" ya Show Boat, mwaka 1927, iliwekwa katika kinywa cha mfanyakazi wa bandarini kando ya mto Mississippi, na wimbo mzima unasimama juu ya sauti nzito. Paul Robeson aliuimba London mwaka 1928 ukajulikana duniani. Ndiye Robeson aliyeigiza filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, ambamo Mzee wetu Jomo Kenyatta alipata nafasi ndogo. Wimbo huo una eneo pana, kwa hiyo besi anayeutaka apimwe juu pia.

Na wavulana ambao sauti zinavunjika? Tusiwafukuze wala tusiwalazimishe. Tamthilia ya Yusufu, Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, ilianza mwaka 1968 kama kazi fupi ya wanafunzi wa shule moja ya London. Wimbo wa Yusufu akiwa gerezani utaimbwa na vijana kwa pamoja, kwa ki tutakayoitafuta nao. Ambaye sauti yake inaruka leo, aimbe noti anazozipata na anyamaze kwenye nyingine. Mwaka ujao atakuwa na sauti mpya.

Daudi alipovishwa silaha za Sauli alijaribu kutembea, akaona hazimfai, akazivua. Hakuna aliyemwita mwoga. Alichukua kombeo alilolizoea, na kazi ikafanyika. Nasi tunaomba hivyo: mtu akivua wimbo usiomfaa, asichekwe. Ni kanuni ya mazoezi haya kuanzia leo.

Mwisho, mnawajua wenzetu waliorudi benchi la nyuma. Mmewaona Jumapili iliyopita. Waambieni kwamba tunapima sauti upya, na kwamba safari hii wimbo ndio utakaoshonwa kwa kipimo cha mtu. Viti vyao tumeviacha wazi.

Mungu awabariki, na jubilei njema.