Mafuta ya Mshipani na Kinga ya Mwili



Mgonjwa aliyekatwa utumbo ukabaki kipande kisichoweza kufyonza chakula, naye akawa akilishwa miezi na miaka kwa mrija uingiao katika mshipa mkubwa wa damu, aghalabu hupimwa kwa nguvu azipatazo na uzito alioongeza. Rai yangu ni kwamba mafuta apewayo yana kazi nyingine iliyo nzito kuliko kutia nguvu, kwa sababu asidi zake huingia katika utando wa chembe nyeupe za damu, na kutokana nazo mwili huunda vitu vya kuchochea uvimbe au kuutuliza.

Mwaka 1929, huko Minnesota, George na Mildred Burr walidhihirisha kwamba panya walionyimwa mafuta hutoka magamba ya ngozi na kudumaa. Kwa wanadamu dhara hilo lilikuwa adimu kuonekana, hata ulipokuja ulishaji wa mshipani ambao Stanley Dudrick na wenzake waliuthibitisha Philadelphia katika miaka ya 1960. Arvid Wretlind wa Sweden alikwisha kupata njia ya kuyachanganya mafuta ya soya na maji kwa msaada wa kiini cha yai, lakini Marekani, iliyokuwa imeumizwa na mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za pamba, haikuuruhusu wa Wretlind hadi 1975. Basi muda huo wagonjwa wengi walilishwa sukari na asidi za amino pasipo mafuta.

Hapa naomba tutue kidogo. Mtu mnene naye, mwenye akiba tele ya asidi ya linoleiki chini ya ngozi, aweza kupungukiwa nayo katika wiki chache, kwani sukari imiminikayo usiku na mchana huipandisha insulini, na insulini huizuia akiba ile isitoke. Ngozi hukauka na kubanduka, nywele hunyonyoka, vidonda hukawia kupona, na maradhi ya kuambukiza humwandama. Katika damu yake huzidi asidi ya Mead, ambayo mwili huiunda kwa kukosa iliyo bora. Ndiyo maana maabara huilinganisha na asidi ya arakidoniki ili kuutambua upungufu.

Wala haitoshi kutia mafuta yoyote. Mwaka 1982 Ralph Holman na wenzake walieleza habari za binti wa miaka sita, aliyejeruhiwa tumboni kwa risasi, akalishwa kwa mafuta ya kartamu, yaliyojaa linoleiki lakini karibu hayana linoleniki. Baada ya miezi kadhaa alipatwa na ganzi, udhaifu, maumivu ya miguu na ukungu wa macho, akashindwa kutembea. Alipobadilishiwa mafuta ya soya, dalili zile zikaondoka.

Soya nayo ina mipaka yake. Nusu na zaidi ya asidi zake ni linoleiki, mama wa arakidoniki, ambayo huzaa prostaglandini E2 yenye kuzipunguza nguvu chembe za kinga aina ya T, na leukotrini B4 yenye kuita chembe za uvimbe. Asidi za mafuta ya samaki hukaa mahali pa arakidoniki utandoni, na vizalia vyake ni vipole zaidi. Tena soya ina steroli za mimea, zinazodhaniwa kulidhuru ini la mtoto alishwaye muda mrefu. Madaktari wa Boston waliwatibu watoto wa namna hiyo kwa mafuta ya samaki, na mwaka 2018 Marekani iliyaidhinisha kwa ajili yao.

Hata hivyo, tusiyatwike mafuta makosa ya mikono yetu: homa ya ghafla kwa mgonjwa wa mrija yatupasa tuidhanie kwanza kuwa ni vijidudu vilivyoingia mrijani, mpaka damu itakapopimwa. Na mafuta ya samaki, kwa kuwa linoleiki yake ni haba, yanataka damu ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara. Naomba basi katika jalada la kila mgonjwa, penye kuandikwa “mafuta”, paandikwe ni ya nini, ni gramu ngapi kwa kila kilo ya uzito wake, na ni kwa saa ngapi mrija hufungwa ili insulini ishuke.