Mafundi wa Chini ya Reli

Wapo wanaoamini kwamba kiwanda huanza na jengo kubwa, ukuta na mlinzi getini. Leo naomba tukitazame kiwanda cha ndege kilichoanzia chini ya matao ya reli, mtaa wa Battersea, jijini London. Hapo mwaka 1906 Eustace na Oswald Short, mtu na mdogo wake, walikuwa wakishona maputo ya gesi ya kuwapandisha matajiri angani.

Mwaka 1908 Mmarekani Wilbur Wright alirusha ndege yake huko Ufaransa, mbele ya macho ya watu. Wale ndugu wakatambua kuwa enzi ya maputo inakwisha. Wakamfuata kaka yao Horace, fundi wa mitambo ya mvuke, ambaye hapo awali maputo yao hakuyataka kabisa. Safari hii akakubali. Novemba wakaanzisha kampuni.

Akina Wright waliwapa ruhusa ya kuunda ndege sita za aina yao. Lakini michoro ya kufanyia kazi haikuwapo! Basi mapema mwaka 1909 Horace akaenda Pau, Ufaransa, akaipima ndege yenyewe kipande kwa kipande, akachora kwa mkono wake. Kwa michoro hiyo zikatengenezwa zote sita.

Wala hawakuishia kunakili. Oktoba 30, 1909, J.T.C. Moore-Brabazon aliruka mzunguko wa maili moja kwa ndege waliyoibuni wenyewe, akatwaa pauni 1,000 za gazeti la Daily Mail. Siku chache baadaye akapakia kitoto cha nguruwe kapuni, akaruka nacho. Waingereza, jambo wasiloliamini, husema litatokea siku nguruwe atakaporuka. Basi akaruka.

Haikuwa michezo mitupu. Charles Rolls, mmoja wa wanunuzi wa zile ndege sita, aliuawa Julai 1910 mkia wa ndege yake nyingine, iliyoundwa Ufaransa, ulipokatika hewani. Horace naye alifariki mwaka 1917, Eustace mwaka 1932.

Huku kwetu wazee waliziona kazi za kampuni hiyo. Mwaka 1937 ndege zake kubwa za majini, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilianza kutua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Zilihitaji maji yaliyotulia tu, na boti ya kuwaleta abiria nchi kavu.